Ulimi Haulali

Jumapili, 4 Agosti 2024

Saa tisa na robo usiku. Tena. Sina haja hata ya kutazama saa, mwili umeshajifanya jogoo. Baba Watoto anakoroma, kageukia ukutani. Mimi macho makavu.

Nimeshaipanga kesho yote. Madaftari ya Kidato cha Tatu B. Gesi. Nauli ya mdogo. Dawa za presha za Mama, zimebaki za siku nne, au tano? Halafu lile jibu. Nikifika kwenye jibu narudi kwenye madaftari. Kama mtu anayekunja nguo, akimaliza anazikunjua, anaanza upya.

Na jibu lenyewe nalitunga vizuri, jamani. Lina utangulizi, lina hoja, lina mahali pa kushusha sauti. Kukicha sikumbuki neno hata moja. Wakili wa usiku mimi.

Jumatatu, 5 Agosti

Chai ya saa nne, muhogo wa kukaanga na pilipili. Nikauma kitu kigumu. Nikadhani mchanga, nikataka kumgombeza mama wa mihogo. Kumbe ni mimi mwenyewe. Kipande cha gego.

Nimekifunga kwenye karatasi nikakitia kwenye pochi. Kwa nini, sijui. Kama mtoto anayetunza jino la kurusha juu ya bati.

Jumanne, 6 Agosti

Daktari wa meno ni kijana mdogo. Ameniita Mwalimu kabla sijasema kazi yangu. Nimejitahidi kumkumbuka, sijampata. Wamepita wengi.

“Unasaga meno usiku, Mwalimu.”

Nikabisha. Ningesaga, mwenzangu angeniambia. Akacheka kidogo, akauliza kama mwenzangu naye huwa macho muda huo. Nikanyamaza.

Akaniambia nitoe ulimi, akanishikia kioo. Pembeni mwa ulimi kuna alama za meno, moja moja, kama ukingo wa sambusa uliobanwa kwa vidole. Hizo, anasema, ni za mchana: naubana ulimi kwenye meno bila kujua. Kisha akaniwekea vidole mashavuni. “Uma. Achia. Uma.” Misuli imetuna, eti kama ya mpagazi. Nina taya la mpagazi! Na mpagazi mwenyewe akipumzika meno yake hayagusani. Mdomo umefungwa, meno yameachana. Ndivyo inavyotakiwa. Miaka arobaini na sita sikuwahi kuambiwa.

Gego kaliziba. Kinga ya plastiki ya kuvaa usiku itachukua wiki nne. Wakati naondoka akauliza kama kuna jambo linanisumbua.

Nikamwambia hakuna. Nikasikia meno yakikutana.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Mapumziko, eti. Nimefua, nimepika, nimesahihisha karatasi thelathini na mbili za moko, jioni nikapanda bajaji kwenda Makorora kwa Mama na dawa zake. Zilikuwa zimebaki za siku tatu. Yaani hesabu zote zile za usiku, na bado nilikosea.

“Mbona uso umekukaza?”

“Sina kitu, Mama.”

“Haya.”

“Haya” ya Mama ina vyumba vitatu na uani. 

Kaka akapiga nikiwa hapo hapo. Nikatoka nje kupokea, kwenye mpapai. Shikamoo Kaka. Marahaba, ile karatasi umeshaiangalia? Bado Kaka, nitaiangalia. Usikae nayo sana. Sawa Kaka. Mara ya sita sasa, au ya saba. Sauti yangu ikizungumza naye inakuwa ya msichana wa darasa la nne.

Mama kauliza nani. Nikasema mzazi wa mwanafunzi.

Nimemdanganya mama yangu mzazi, mchana kweupe, juu ya mkeka wake.

Jumamosi, 10 Agosti

Shoga yangu wa chuo, ambaye siku hizi ni mshauri nasaha, nimemsimulia jino. Sikumsimulia mengine. Kanitumia picha za kurasa kumi na mbili, mbili zimepinda, moja ina kidole chake.

Ni mambo ya daktari wa Chicago, Edmund Jacobson. Alianza kulichunguza hili mwaka 1908, mwanafunzi pale Harvard: mtu akishtuliwa kwa kelele ya ghafla, mwili unaruka kiasi gani? Akagundua aliyelegea sawasawa haruki. Kelele anaisikia, lakini mwili hauna cha kurukia. Mwaka 1929 akatoa kitabu kwa wataalamu, 1934 kingine kwa watu kama sisi, na jina la hicho cha pili ni amri: lazima ulegee. Lazima! Nimecheka peke yangu jikoni. Kama mwalimu wa taaluma anapokuja na tarehe za kukabidhi maksi.

Namna yake: lala chali, mikono pembeni. Kunja kiganja cha kushoto kwa nyuma, kama unasimamisha bajaji. Usikaze sana. Sikiliza juu ya kigasha, kuna kitu hafifu kinavutika. Hicho ndicho. Kijue, kama unavyomjua mtu kwa hatua zake. Halafu acha. Wala usiushushe mkono, uache tu. Mara tatu, muda uliobaki umelala tu. Saa nzima. Na siku ya kwanza ni mkono wa kushoto peke yake.

Saa nzima kwa siku kwa mkono mmoja. Bwana huyu alikuwa na mpishi.

Chini shoga kaandika kwamba baadaye daktari wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, mzaliwa wa Johannesburg, aliyewatibu askari wa Vita Kuu ya Pili na hofu zao, aliyafupisha mafunzo hayo. Kwa hiyo mimi nifanye dakika kumi na tano: mikono, miguu, tumbo, kifua, mabega, shingo, uso. Ulimi mwisho kabisa. Kurasa za ulimi nimeziruka.

Jumapili, 11 Agosti

Nimeanza. Baada ya isha, mkeka chini, mlango nimefunga kwa kitasa. Kiganja nyuma. Sikusikia kitu. Mara ya pili sikusikia kitu. Mara ya tatu nikasikia, nikafurahi, nikaanza kufikiria nitakavyomsimulia shoga, na tayari nimeshatoka, niko kwenye simu naye kichwani, naongea.

Mdogo akagonga. Anataka rula.

Jumanne, 13 Agosti

Jirani ana shughuli. Spika mbili, taarabu ya kisasa mpaka saa tano. Nimelala kwenye mkeka nikakaza mguu nikalegeza mguu, na kila nikilegeza besi inaukaza tena. Nikaona nimeanza kulegea kwa hasira, kwa kushindana. Nikaamka nikaosha vyombo.

Jacobson anasema ukijitahidi kulegea ndiyo umekwisha kushindwa, kujitahidi kwenyewe ni kukaza. Ameniudhi. Nifanyeje sasa? Kazi yoyote ninayoijua hufanywa kwa kujitahidi. Ndivyo nilivyolelewa, ndivyo ninavyowaambia watoto wa watu kila Jumatatu mstarini.

Jumatano, 14 Agosti

Leo darasani raha. Mada ya mfumo wa neva. Kijana wa nyuma, yule asiyenyoosha mkono: “Mwalimu, kwa nini moyo ukimbie wakati mimi nimekaa?” Anazungumzia karatasi za mtihani zikigawiwa. Swali zuri kuliko yote ya muhula huu. Nikawapa adrenalini, kisha neva ya vagasi, ya kumi kati ya zile zitokazo moja kwa moja kwenye ubongo, ishukayo shingoni hadi moyoni na tumboni. Nikawaambia washike mapigo kwenye kifundo cha mkono, wavute pumzi, waitoe polepole. Wengi wamesikia wenyewe: ukivuta mapigo yanaharakisha, ukitoa yanapunguza mwendo. Vagasi hiyo, inavuta breki. Vijana hamsini na wanane, dakika mbili, kimya. Kimya! Mwalimu wa Hesabu kapita dirishani akachungulia, nadhani alidhani nimewaadhibu.

Halafu nikawasimulia Otto Loewi. Usiku mmoja aliota jaribio, akaamka, akaandika kwenye kikaratasi, akalala tena. Asubuhi mwandiko wake mwenyewe haumsomeki. Siku nzima anahangaika. Usiku uliofuata, saa tisa, ndoto ikarudi, na safari hii hakuandika, alikwenda moja kwa moja maabara. Mioyo miwili ya vyura. Akaichokoza vagasi ya moyo wa kwanza, ukapunguza mwendo. Akachukua maji uliyokuwa umelowekwa humo, akaupa moyo wa pili. Nao ukapunguza mwendo. Majaribio hayo yalichapishwa 1921, Tuzo ya Nobel 1936, pamoja na Henry Dale.

Watoto walicheka sana hapo pa mwandiko. Mimi nilibaki na saa tisa. Saa tisa ile ile, mwenzangu anapata Nobel na mimi nahesabu vidonge.

Halafu hayo maji. Maji ya moyo uliotulia yanautuliza mwingine. Nimeyafundisha miaka kumi na minane kama swali la alama nne.

Alhamisi, 15 Agosti

Nilijaribu kumweleza Mama vagasi kwa simu. Kwa Kiingereza naifundisha dakika arobaini bila kigugumizi. Kwa Kiswahili, kwa mama yangu, nikabaki na “mshipa.” Mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, mshipa wa ngiri, wote mshipa. Akaniuliza kama nina ngiri.

Jumamosi, 17 Agosti

Kurasa za ulimi. Nimezisoma leo, kwa sababu jana usiku taya liliniuma mpaka sikioni.

Sikiliza hii, wewe daftari. Jacobson aliwafunga watu nyaya nyembamba kwenye ulimi na midomo, akapima umeme wa misuli, mdogo mno, wa sehemu za milioni moja ya volti. Akawaambia: usiseme kitu, hesabu tu kichwani. Fikiria maneno tu. Ulimi ukafanya kazi. Haukuonekana kutikisika, ila misuli inajikunja kwa mtindo ule ule wa kusema, kidogo kidogo. Ukifikiria kitu cha kuona, misuli ya macho nayo inasogea. Misuli ikilegea kweli, mawazo hayo nayo yanakatika.

Nimeisoma mara nne. Yaani mimi usiku nilidhani nimenyamaza. Kumbe nazungumza. Tangu saa tisa mpaka adhana, bila kupumzika, maneno yote yale na Kaka, hoja zote, vituo vyote, ulimi unayasema kwa siri humo ndani huku meno yameufungia mlango. Ndiyo maana asubuhi naamka koo limekauka na mashavu yamechoka kama nimefundisha vipindi kumi.

Tunasema ulimi hauna mfupa. Hauna, lakini umepakana na mifupa thelathini na miwili (najua, Mwalimu wa Biolojia, meno si mifupa, niache). Thelathini na mmoja na nusu, kwa upande wangu.

Zoezi: hesabu moja hadi kumi kwa sauti. Sikiliza ulimi, midomo, taya, koo. Hesabu tena kwa nusu ya sauti. Tena kwa mnong’ono. Tena kwa kuchezesha midomo tu. Mwisho hesabu kwa kuwaza. Kwenye kuwaza, mimi, peke yangu chumbani Chumbageni, nimeusikia. Kwenye “saba” ulimi uligusa nyuma ya meno. Kidogo tu. Nusu ya kugusa.

Nikakaa kitako.

Jumatatu, 19 Agosti

Mwezi mpevu, umejaa dirishani kama taa ya mtu. Sikulala. Lakini safari hii nilikuwa na kazi: kila jibu lilipoanza, nilitafuta ulimi uko wapi. Uko juu, umebanwa kwenye kaakaa. Nauacha. Unashuka, unalala chini kama samaki aliyechoka. Maneno yanakatika katikati. Kweli yanakatika! “Kaka, mimi naona kwamba Baba alipo…” na basi. Hakuna kilichofuata. Sekunde tatu, nne. Halafu ulimi umepanda tena bila kuniaga, na jibu linaendelea pale lilipoishia.

Mara kumi, labda ishirini. Si usingizi, lakini si ule mkesha mwingine.

Alhamisi, 22 Agosti

Upuuzi mtupu.

Nimemfokea yule kijana wa nyuma. Yule yule mwenye swali la moyo. Kisa kalamu iliyoanguka. Kalamu! Niliruka, nikageuka, maneno yakatoka kabla sijayaona. Darasa zima likaangalia chini.

Leo huyo wa Harvard wa 1908 angenipima angepata mfano mzuri wa kuweka kitabuni.

Kaka alituma ujumbe saa moja na nusu asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza. Maneno mawili: “Vipi dada?” Ndiyo kisa. Kalamu haina kosa.

Mkeka leo umekaa pembeni ya kabati umekunjwa. Ubaki hapo.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimemwomba radhi yule kijana, mbele ya wenzake, maana nilimfokea mbele yao. Kasema “Haina shida Mwalimu” huku anatazama viatu. Ina shida. Ila kaipokea.

Jioni kwa Mama. Alikuwa kwenye uradi, miguu kainyoosha, tasbihi inapita vidoleni, thelathini na tatu, thelathini na tatu, thelathini na tatu. Nilikaa pembeni nimeegemea ukuta nikimsubiri amalize. Nilipofumbua macho kulikuwa na khanga juu yangu, na taa imewashwa. Dakika hamsini! Nimelala dakika hamsini nimekaa.

Nikamuuliza: “Mama, hii ndiyo inayokutulizia akili?”

“Akili?” Kama nimemtajia ugonjwa. “Mimi namtaja Mola wangu. Usingizi ukija ni mgeni amepita njia, si yeye niliyempikia.”

Nikamsimulia habari ya Herbert Benson, daktari wa Harvard naye, aliyeandika mwaka 1975 kwamba mtu akikaa kimya akarudia neno moja, kila wazo jingine likija asiligombeze, alirudie lile neno tu, basi pumzi inapungua, moyo unapungua, mwili mzima unashuka chini.

“Kasoma sana huyo?”

“Sana, Mama.”

“Afadhali. Amefika.”

Sikubishana. Ila nimefikiri njiani kwamba Mama ana haki ya kukataa nisimchanganye na mkeka wangu. Yeye ana anayezungumza naye. Mimi natafuta kunyamaza. Haviko sawa hata kama moyo unapungua mwendo kwa vyote viwili.

Alipokuwa ananisindikiza hadi barabarani: “Huyo mzazi wa mwanafunzi, keshatulia?”

Loo.

Jumamosi, 24 Agosti

Anajua. Hajui nini, lakini anajua.

Jumapili, 25 Agosti

Raskazone na watoto. Kusi bado linavuma, bahari ina mikunjo, mdogo kameza maji ya chumvi akalia, kisha akarudi kuyameza tena. Baba Watoto kapiga kitako mchangani, anakula ubuyu. Nikamwangalia. Mabega yake yako chini. Huyu mtu hajasoma ukurasa hata mmoja. Meli ya mizigo imetia nanga mbali, haiendi, hairudi.

Nikamwambia nasaga meno. Hajui, kweli hajui. Akaniangalia muda mrefu, akauliza: “Ni ile karatasi ya shamba la Pongwe?”

Nikasema ni Pongwe.

Akaniongezea ubuyu mkononi. Hakusema neno jingine, na nilimshukuru kwa hilo.

Jumatatu, 26 Agosti

Nimerudi kwenye mkeka. Nimebadili saa: usiku hapana, baada ya shule, saa kumi na moja kasoro, kabla hawajarudi na njaa zao. Dakika kumi na tano, simu nje ya chumba. Mkono wa kushoto, wa kulia, miguu, tumbo, kifua, na pumzi za kutoka ndefu kuliko za kuingia. Mabega. Paji la uso, ambalo sikujua nalo hukunjwa. Taya. Ulimi mwisho.

Sijitahidi. Yaani nimejaribu kutojitahidi, ambako nako… basi.

Jumatano, 28 Agosti

Siku ya tatu mfululizo. Leo limetokea jambo, niliandike kabla halijapotea, mwandiko usije ukawa wa Loewi.

Nilifika kwenye ulimi. Nikauacha. Jibu likaja kama kawaida yake, na utangulizi wake: Kaka, nakuheshimu, wewe ni mkubwa wetu, wala si kwamba, lakini ukiangalia… Nikauacha ulimi. Utangulizi ukafa. Ikaja hoja ya kwanza, ya minazi. Nikauacha. Ikafa. Hoja ya Mama, hoja ya kaburi la Baba, hoja ya watoto wake yeye mwenyewe. Zote zikifika mlangoni zinakosa wa kuzibeba. Kama wapangaji wanaohama mmoja mmoja na makorokoro yao.

Nyumba ilipobaki tupu kulikuwa na maneno mawili yamekaa sakafuni. Sikuyatunga. Yalikuwapo.

Sitasaini, Kaka. Mawili, ukimhesabu Kaka.

Nilidhani nalala pale kuyanyamazisha haya mambo. Shoga alisema nitatulia. Sikutulia. Nimelia, machozi yanaingia masikioni kwa sababu nimelala chali. Taya halikuuma.

Ijumaa, 30 Agosti

Kaka kapiga saa kumi na moja kamili. Simu iko sebuleni, naisikia inavyoita juu ya meza, inatetemeka, inazunguka. Mimi mkekani, mguu wa kushoto. Mwili uliruka? Uliruka kidogo. Nikaumaliza mguu wa kushoto. Nikafanya wa kulia.

Mtoto akapokea! “Shikamoo Mjomba. Mama amelala chini.” Nikamsikia anamsikiliza. “Hapana, haumwi. Analala tu chini.”

Jumapili, 1 Septemba

Usiku wa jana saa nne hadi saa kumi. Sijui mara ya mwisho ni lini. Leo sijisifu, kesho huenda nikarudi kwenye saa tisa yangu.

Madaftari hayajasahihishwa. Yapo pale pale.

Jumatatu, 2 Septemba

Saa tisa na dakika ishirini. Haya, karibu. Nimekuja kuandika kwamba niko macho, na kwamba sizungumzi. Nasikiliza feni. Ina kibao kimoja kinachogonga. Tak. Tak.

Nilifikiri nimwandikie Kaka au nimpigie. Kupiga ni heshima. Ila nikipiga nitakuwa darasa la nne, nitasema “nitaiangalia Kaka,” najijua. Kwa maandishi anaweza kuniona sina adabu. Na Mama lazima aambiwe kwanza, kabla hajaambiwa na yeye. Hilo ndilo gumu zaidi na kwenye hotuba zangu zote za usiku sikuwahi kulitunga, hata sentensi moja.

Jumanne, 3 Septemba

Nilimkuta Mama anachambua mchele. Nikakaa, nikachukua ungo wa pili. Nikamwambia. Bila utangulizi. Karatasi, Pongwe, saini, tangu Juni.

Akaendelea kuchambua. Chuya moja, jiwe moja. Muda mrefu. Niliutafuta ulimi wangu, ulikuwa umebanwa juu. Nikauacha.

“Na wewe unasemaje?”

“Sitasaini.”

“Umemwambia?”

“Bado.”

“Mwambie. Halafu mwambie aje ale, nitapika.”

Mchele ulikuwa na mawe mengi. Tumeumaliza wote.

Jumatano, 4 Septemba

Saa moja na dakika kumi asubuhi, kituoni, nimemtumia: “Shikamoo Kaka. Karatasi nimeisoma. Sitasaini. Mama anajua, anasema uje ule.” Nimeandika mara moja, sikurudia kusoma.

Saa tatu na nusu alama zimegeuka bluu. Amesoma. Hajajibu.

Kipindi cha nne Kidato cha Tatu B, tumemaliza mada. Yule kijana wa nyuma kanyoosha mkono. Alitaka kwenda msalani.

Wamenipigia: kinga ya meno iko tayari, nikaichukue kesho kabla ya saa nane.